Kupanua basi la chipu si kuongeza kasi

Kila timu yenye chipu inayosuasua huniuliza swali lile lile: je, basi, yaani kundi la nyaya zinazobeba data ndani ya chipu, likipanuliwa kutoka biti 64 hadi 128, kasi haitakuwa maradufu? Aghalabu haitakuwa, na inaudhi kuona eneo la silikoni likijazwa nyaya zinazokaa bure.

Upana huweka kikomo cha juu tu. Kasi halisi huamuliwa na muda wa kungoja kumbukumbu ijibu, pamoja na idadi ya maombi yanayoruhusiwa kuwa njiani kwa wakati mmoja. Tuchukue kichakataji kinachosoma baiti 32 kupitia AXI, itifaki ya basi, ya biti 64, huku data ikianza kufika baada ya mapigo 40 ya saa. Data yenyewe hupita kwa mapigo 4, hivyo ombi humalizika kwa mapigo 44. Basi likipanuliwa hadi biti 128, data hupita kwa mapigo 2 na jumla hushuka hadi 42, faida isiyofika asilimia 5. Lakini kichakataji hicho hicho kikiwa na maombi 8 njiani daima, na kumbukumbu ikiyamudu, baiti 256 hupita katika kila mapigo 44 bila kuongeza hata waya mmoja wa data. Ndiyo maana AXI, iliyoingia katika AMBA (familia ya viwango vya mabasi ya chipu kutoka Arm) mwaka 2003, ilitenganisha njia za anwani na za data. Hesabuni kwanza maombi yaliyo njiani, kisha ndipo tuzungumzie upana.

Wengine hudhani kwamba majibu ya AXI hurudi daima kwa mpangilio wa maombi. Mpangilio huo umehakikishwa kwa usomaji wenye kitambulisho kimoja, yaani namba ile ile inayobandikwa kwenye ombi. Baina ya kusoma na kuandika haupo, kwa hiyo anayetaka kusoma alichoandika angoje kwanza jibu la uandishi.

APB nayo, basi sahili la vifaa vya pembeni, huitwa kizee, kwa kuwa imo katika AMBA tangu 1996 na kila uhamisho huchukua walau mapigo mawili. Kwa rejista (vihifadhi vidogo vya thamani) za kipima muda, inatosha kabisa.

Hatari zaidi ni imani kwamba mtumaji anaweza kungoja READY, ishara ya mpokeaji kwamba yuko tayari, ndipo ainue VALID, ishara yake kwamba data ipo. AXI inakataza, kwa sababu mpokeaji ana ruhusa ya kungoja VALID, na wote wawili wakingojeana, uhamisho hauanzi kamwe. Kosa hili hujificha pale modeli ya majaribio inapoacha READY juu muda wote. Tumieni modeli inayoichelewesha.