Oakley ilianza na gripu za pikipiki, miwani ilikuja baadaye

Kila nikitoka na miwani yangu yenye ile nembo ya O lazima nikutane na mtaalamu wa kijiweni anayejua historia yote ya Oakley, na karibu yote anayosema siyo. Sasa leo ngoja tunyooshe.

Ati Oakley ni jina la mwenye kampuni. Hapana bana. Mwanzilishi anaitwa Jim Jannard, na Oakley alikuwa mbwa wake, jike la English setter, jina kamili Oakley Anne. Wengine wanamtaja Annie Oakley, yule mama wa Marekani aliyesifika kwa shabaha, ila kampuni haikuchukua jina kwake moja kwa moja. Ni mbwa tu jamani.

Ati walianza na maabara kubwa ya lensi. Hapa ndo watu wanapotea kabisa. Mwaka 1975 huko California jamaa alianza na dola 300 na gereji ya nyumbani, na alichotengeneza ni gripu, zile raba za kushikia kwenye usukani wa pikipiki, anazipakia kwenye gari anaenda kuuza kwenye mashindano ya motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye vumbi na matope. Ujanja ulikuwa kwenye raba yenyewe. Raba ya kawaida mkono ukitoa jasho inateleza, muulize bodaboda yeyote saa saba mchana, ila hii ya kwake ikilowa ndo inazidi kushika. Akaipa jina Unobtainium, neno la utani la mainjinia lenye maana ya kitu kisichopatikana, walikuwa wanalitumia miaka mingi kabla halijasikika kwenye masinema.

Miwani mikubwa ya kuziba vumbi ya madereva wa motokrosi, O Frame, ilikuja 1980. Mi naona hapo ndo biashara ilipogeuka, maana gripu imefunikwa na kiganja nani ataiona, lakini mkanda wa miwani unapita juu ya helmeti na jina linasomeka kwenye kila picha. Halafu 1984 zikaja Eyeshades, ukiziangalia ni kama ile ya vumbi imekatwa ikawekewa mikono ya kupita masikioni, Greg LeMond akazivaa kwenye baiskeli, na 1986 huyohuyo akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Tour de France. Na ile raba ya gripu haikufa, ndo hiyo iko puani na masikioni, ukitoka jasho miwani inang'ang'ania.

Ati bado ni kampuni ya Jannard. Wapi! Luxottica ya Italia iliinunua 2007 kwa kama dola bilioni 2.1, hao hao wenye Ray-Ban, kwa hiyo wanaobishana Oakley na Ray-Ban nani mkali wanabishania mifuko miwili ya suruali moja. Tena walishagombana vibaya, 2001 Luxottica ilinunua maduka ya Sunglass Hut ambayo ndo yalikuwa mteja mkubwa wa Oakley, wakagombana bei, oda zikapunguzwa na hisa za Oakley zikaporomoka, wakaja kupatana baadaye. Jannard yeye alishahamia kwenye kamera za sinema, ndo mwanzilishi wa kampuni ya kamera ya RED.

Ati kioo kikiwa cheusi ndo kinalinda macho. Weusi ni rangi tu. Kinachozuia miale ya UV, ile ya jua inayoumiza macho, ni material ya lensi au dawa iliyowekwa, polikaboneti, plastiki ngumu wanayotumia Oakley, hata ikiwa haina rangi inazuia karibu yote. Nyeusi isiyo na kinga ni mbaya zaidi maana mboni inatanuka kwa giza halafu miale inaingia kiulaini. Kazi nyingine ngumu ni ule mkunjo wa kuzunguka uso, lensi iliyokunjwa inapindisha mwanga, kwa hiyo unene wake inabidi upungue kwa hesabu kutoka katikati kwenda pembeni, la sivyo vitu vinaonekana vimesogea.

Kucheki ni bure. Nyoosha mkono, shika miwani mbali na uso, angalia kitu kilichonyooka kama fremu ya mlango kupitia lensi halafu isogeze taratibu kushoto kulia. Mstari ukibaki umenyooka uko salama kwenye mkunjo (UV ni kipimo kingine, hiyo peleka kwa mtu wa miwani). Yangu niliyonunua barabarani kwa elfu kumi, nembo ya O imekaa vizuri kabisa, niliilenga kwenye mlango wa jirani, mlango ukawa unacheza kama uko chini ya maji.