Kisima cha sumu hakikaushwi kikatakata

Nimeambiwa tena. Safari hii ni mzee mmoja wa Makorora, hapa Tanga, kwenye kisima chenye sumu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kina mama wenye madumu: "Mwanangu, leteni pampu, kikausheni, maji mapya yaingie. Mbona paka akitumbukia tunafanya hivyo hivyo?" Shikamoo yangu alishaipokea, kwa hiyo sikuweza kumjibu nilivyotaka. Namjibu hapa.

Paka, sawa. Umemtoa, umevuta maji, umetia klorini, yamekwisha, kwa sababu uchafu ulikuwa ndani ya maji. Uchafu ninaohangaika nao mimi, wa mafuta na kemikali za karakana, makao yake ni udongo na mwamba. Maji yanapita tu na kuuchota.

Dizeli na petroli nitazipita haraka: huelea juu ya maji ya ardhini, na ukiwahi unazikomba. Balaa ni viyeyusho vya kutolea grisi kwenye vyuma, hasa trikloroethilini. Lita yake moja ina kilo 1.46 hivi, kwa hiyo ikifika kwenye maji haisimami, inayapita na kushuka mpaka igote kwenye tabaka lisilopitisha. Hapo inakaa, inayeyuka kidogo kidogo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 8 kwa lita. Piga hesabu mwenyewe: lita moja iliyomwagwa nyuma ya karakana inatosha kufikisha lita milioni 180 za maji kwenye kiwango hicho. Na kwa kiasi hicho huioni wala huisikii harufu. Kwa hiyo msiniambie "mbona maji yetu meupe".

Chukua dumu lililokaa mafuta ya taa mwaka mzima. Lisuuze mpaka maji yatoke masafi, lijaze, lifunge, rudi baada ya siku tatu unuse. Mafuta yalishaingia kwenye plastiki yenyewe, sasa yanatoka polepole. Mwamba nao hivyo hivyo. Pampu ikiwashwa vipimo vinaporomoka, wakubwa wanapiga picha. Kisha vinagoma. Ukizima pampu, baada ya miezi vimepanda tena. Mwaka 1994 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitazama maeneo 77 yaliyokuwa yakisafishwa kwa kuvuta maji na kuyachuja. 69 yalikuwa bado hayajafikia lengo. Na wale wana pesa, na umeme haukatiki kila magharibi.

Sisi wa Tanga tuna nyongeza mbili. Mwamba wetu wa pwani ni chokaa na matumbawe. Aliyeingia mapango ya Amboni ameona maji yanavyojitobolea njia humo. Maji hayapiti taratibu yakachujika, yanakimbia kwenye nyufa, na sumu inaweza kuibuka kisima cha tatu ikaruka cha pili. Ya pili ni bahari. Vuta kwa pupa, maji ya chumvi yanaingia nchi kavu, nawe umejipatia kisima chenye sumu na chumvi.

"Basi tutachemsha." Trikloroethilini inachemka kwenye nyuzi 87, kwa hiyo kweli itatoka kwenye sufuria, iingie puani mwa anayepika. Madini ya risasi na kromi ndiyo kwanza yanakolea, maana maji yanapungua, yenyewe yamebaki.

Tunachofanya: chanzo kwanza. Udongo uliolowa uchimbwe, wala usiende kufukia kiwanja cha mtu mwingine. Lori nimeliona kwa macho yangu. Kisheria mchafuzi ndiye mlipaji, tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani wapewe taarifa mapema. Kisima kifungwe, bomba livutwe. Pampu iwepo, lakini kwa kuizuia sumu isitembee, si kwa kukausha.

Wengine hushindilia molasi ardhini kulisha bakteria wanaoinyofoa trikloroethilini chembe zake za klorini moja baada ya nyingine. Kazi nzuri wakiimaliza. Wakiishia njiani wanakuachia vinili kloridi, sumu kali zaidi, ambayo kiwango chake ni mikrogramu 0.3 kwa lita, yaani umetoka kubaya ukaingia kubaya zaidi. Tena wanataka maji yasiyo na oksijeni. Kwenye matumbawe, ambako visima hupanda na kushuka na bahari ikijaa na kupwa, sina hakika kama molasi itatulia mahali.

Na zile ramani zangu za rangi nyekundu na njano mnazozisifu mikutanoni: penye kisima cha uchunguzi nimepima, kati ya kimoja na kingine nimekisia. Hivyo kama wewe au marehemu babako mliwahi kufanya kazi karakana, na unakumbuka mapipa yalikuwa yakimwagwa upande gani wa ukuta, niandikie kabla sijaagiza mtambo wa kuchimba.