Bushi ya nailoni si shaba nyeupe: dhana potofu za karakana zetu Tanga

"Fundi, usinitilie plastiki humu, mashine hii ni ya kazi." Maneno haya huyasikia sana hapa Ngamiani, na wanaoyasema ni watu wanaozijua mashine zao. Chuma wamekizoea. Lakini Tanga ni mji wa upepo wa chumvi, na huko mashambani maji ya majani ya mkonge yana tindikali inayokula chuma usiku na mchana. Swali la nini kikae mahali pa chuma halituachi. Kinachonisumbua ni kwamba anayeikataa plastiki na anayeishangilia hukosea mahali pamoja: wote wawili huidhani ni chuma cha aina nyingine.

"Plastiki ni ndoo tu"

Jina ni moja, ukoo ni mkubwa. Polithini ya ndoo, nailoni ya kukereza, asetali, tefloni na ile iitwayo PEEK hazifanani kwa nguvu wala kwa bei. Halafu kuna zile za mchanganyiko, yaani nyuzi za kioo au za kaboni zilizoshikwa na gundi ngumu. Kanuni yake fundi jipsamu anaijua vizuri. Jipsamu peke yake huvunjika kama biskuti, lakini akiichanganya na singa za katani, ubao unashika. Singa hubeba mvuto, jipsamu huzishika zisihame. Ndege ya Boeing 787, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza mwaka 2018, karibu nusu ya uzito wa muundo wake ni mchanganyiko wa namna hiyo.

Hata hivyo nailoni tupu hupinda upesi. Chuma cha pua au cha kawaida huhimili kupinda kiasi cha mara 70 zaidi yake. Ndiyo maana sibadilishi shafti wala mkono unaobeba mzigo. Nabadilisha bushi, yaani kile kikombe wazi ambamo shafti huzunguka, rola, puli, gia za kazi nyepesi na vibao vya kutelezea.

"Pima cha zamani, kereza vivyo hivyo"

Hii ndiyo dhana inayotuharibia kazi kuliko zote, na mimi ilinikuta. Nilipokuwa naanza, nililetewa bushi ya shaba iliyolika kutoka korona moja, mashine ya kuchakata mkonge. Nikakereza ya nailoni kwa vipimo vilevile, na nafasi baina yake na shafti nikaiacha ileile ya shaba, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Mkononi ilizunguka vizuri kabisa. Siku ya tatu shafti ikashikwa, mkanda ukaungua, kazi ikasimama na majani ya mkonge yakaanza kukauka juani. Mzee aliyenifundisha kukereza akaichomoa bushi, akaipima kwa kalipa, akaniambia, "Mwanangu, imekunywa maji."

Nailoni ya kawaida hunywa maji kweli. Ikiloweshwa muda mrefu huweza kufyonza hadi asilimia 9 hivi ya uzito wake, na inapofyonza huvimba. Hata unyevu wa hewa ya pwani tu unaiongeza. Juu ya hayo kuna joto. Kipande cha chuma chenye urefu wa milimita 100, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka kama milimita 0.05. Cha nailoni hurefuka zaidi ya milimita 0.3. Bushi ikiwa imebanwa ndani ya nyumba yake haina pa kukimbilia, kwa hiyo hujaa kuelekea ndani na kuikaba shafti.

Basi kinachokerezwa ni umbo jipya: nafasi kubwa zaidi, ukuta mwembamba kadiri kazi inavyoruhusu, na uchaguzi wa kitu kinachofaa mahali. Penye maji mengi mimi huchukua asetali, ambayo hunywa kidogo sana, au polithini nzito ile ya kukerezwa, ambayo hainywi kabisa kwa kadiri tunavyoweza kupima. Bushi ya pili ya korona ile niliitengeneza kwa asetali. Mzee alisimama nyuma yangu wakati wote, na nafasi aliipima mwenyewe kabla hajairuhusu itoke mlangoni.

"Itayeyuka"

Inategemea ipi na wapi. Polithini nzito huyeyuka karibu na nyuzi 135, nailoni 220, PEEK 343. Joto la kufanyia kazi siku nzima ni chini sana ya hapo, na nailoni ya kawaida nisingeipeleka kupita nyuzi 100. Ndani ya tanuri la saruji, kama lile la Pongwe, malighafi hufikia nyuzi 1,450 hivi, na hakuna anayefikiria plastiki pale. Lakini mawe na unga vinapopita kwenye mfereji usio na joto, bitana la polithini nzito huvifanya viteleze badala ya kuganda.

Hatari iliyojificha ni nyingine. Plastiki haipitishi joto: chuma hulisafirisha kama mara 200 zaidi ya nailoni. Joto la msuguano hubaki palepale linapozaliwa, kwenye uso wa bushi. Kwa hiyo mtu akiniletea kazi namuuliza kwanza shafti inazunguka mara ngapi kwa dakika na inabeba nini, kabla sijauliza kipenyo.

"Hailiki wala haitaki grisi"

Penye usafi, ni kweli kwa kiasi kikubwa. Penye mchanga au vumbi la saruji, punje ngumu huzama kwenye plastiki laini, zikakaa humo kama msasa, na kinacholika sasa ni shafti. Wenye mashine hushangaa bushi ni nzima na shafti imeingia mfereji. Kizuizi cha vumbi ni muhimu kuliko grisi.

Kwa wenye kreni nasisitiza jambo moja, maana hapa uhai wa watu umo. Puli za nailoni ni nyepesi, kama sehemu moja ya saba ya uzito wa chuma, na ni laini kwa kamba ya waya. Lakini kamba inayopita juu yake huweza kuanza kukatika nyuzi za ndani kabla ya za nje. Aliyezoea kuhesabu nyuzi zilizokatika kwa macho ataiona kamba nzima ilhali imekwisha. Kamba hiyo ipimwe kipenyo na ibadilishwe kwa ratiba, si kwa kuitazama.

"Ni rahisi"

Ndoo ni rahisi. PEEK ni ghali kupita shaba. Na chuma kikichakaa, wanunuzi wa vyuma chakavu hukipima kwa kilo na mwenye mashine hurudisha kitu, hali bushi ya nailoni iliyolika hainunuliwi na mtu. Mchanganyiko wa faiba hata kuyeyushwa upya haukubali. Mabaki ya kukereza, yale makunjo meupe, nayakusanya kwenye gunia kila jioni kabla ya kufagia, kwa sababu mtaro wa mtaani kwetu unaishia baharini.