Mitetemo Inavyopima Unene na Ugumu wa Barafu ya Bahari

Setilaiti haioni unene wa barafu ya bahari. Inachopima ni kimo cha barafu juu ya maji, takriban sehemu moja tu kati ya kumi. Tisa zilizobaki zimezama, na wataalamu huzipata kwa hesabu. Setilaiti ya CryoSat-2, iliyorushwa mwaka 2010, hutumia rada. ICESat-2 ya mwaka 2018 hutumia leza. Zote mbili zimetufunza mengi, lakini kosa la sentimeta 1 katika kimo huzaa kosa la karibu sentimeta 10 katika unene, na theluji iliyolala juu ya barafu huzidi kuvuruga hesabu.

Isitoshe, unene wenyewe si habari yote. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzijoto -1.8 hivi, na yanapoganda chumvi haipati nafasi ndani ya fuwele za barafu. Husukumwa pembeni, nyingine ikarudi baharini, nyingine ikanaswa katika vifuko vidogo vya maji yenye chumvi kali. Baridi ikizidi, vifuko hivyo husinyaa. Joto likipanda, hupanuka na kuungana. Kwa hiyo barafu ya mita moja na nusu wakati wa baridi kali si sawa na barafu ya unene huohuo inayokaribia kuyeyuka. Ya pili imelegea, na mawimbi ya bahari huivunja kwa urahisi zaidi. Nahodha wa meli anahitaji kuijua tofauti hiyo, na anayetabiri hali ya Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini, pia.

Mitetemo huyapima yote mawili, unene na ugumu, kwa pamoja. Barafu inayoelea ni bamba pana na jembamba, hewa juu, maji chini. Ikigongwa, au ikipasuka yenyewe, sehemu kubwa ya mtetemo husafiri ndani ya bamba hilo. Jiofoni, kifaa kidogo cha kunasa mitetemo, hurekodi mawimbi ya namna tatu. La kwanza kufika hubana na kuachia barafu kuelekea linakokwenda, kwa kasi inayokaribia kilomita 3 kwa sekunde barafu ikiwa baridi. La pili huiyumbisha kando kwa kando, na kasi yake ni zaidi kidogo ya nusu ya hiyo. Kasi za mawimbi haya hazitegemei unene, ila ugumu wa barafu na densiti yake (uzito kwa ujazo).

La tatu ndilo lenye utamu. Bamba zima hupinda juu na chini likiyasukuma maji, na katika wimbi hilo masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) ya juu hukimbia kuliko ya chini. Ndiyo maana ufa ukitokea mbali kwenye ziwa lililoganda, mlio mwembamba husikika kwanza, ule mzito ukafuata. Namna masafa yanavyoachana njiani hutegemea ugumu na unene. Ugumu tumeshaupata kwa mawimbi mawili ya mwanzo, basi kinachobaki kutafutwa ni unene.

Wazo hili ni la zamani. Wanajiofizikia wa Marekani Maurice Ewing na Albert Crary walichapisha vipimo vyao vya barafu ya ziwani mwaka 1934. (Crary huyohuyo ndiye baadaye akawa mtu wa kwanza kukanyaga ncha zote mbili za dunia.) Kwa miaka mingi watafiti walilazimika kulipua baruti au kupiga nyundo. Siku hizi barafu yenyewe hufanya kazi hiyo: hupasuka baridi inapoikaza, hukwaruzana na ufuko maji yanapokupwa na kujaa, hutikiswa na upepo. Mwezi Machi 2019, watafiti kutoka Grenoble, Ufaransa, walitandaza jiofoni zaidi ya 200 juu ya barafu huko Svalbard, visiwa vya Norwe katika Aktiki, wakasikiliza. Kelele zilizorekodiwa na jiofoni mbili zikilinganishwa kwa muda mrefu wa kutosha, hesabu hutoa mtetemo kana kwamba jiofoni moja ndiyo iliyogonga na nyingine ikapokea. Baadaye ilibainika kwamba hata vituo vichache vinatosha, mradi mipasuko inaswe vizuri.

Mbinu hii ina mipaka. Barafu ya juu ni baridi na ngumu kuliko ile inayogusa maji, na wimbi hutupa wastani tu wa njia lililopita. Matuta ya barafu iliyosukumana huharibu dhana ya bamba tambarare. Na katikati ya Aktiki barafu husafiri na kupasuka, vifaa vikazama baharini. Kwa hiyo jiofoni haichukui nafasi ya setilaiti. Huipa mahali pa kuhakiki hesabu zake, usiku na mchana, hata chini ya mawingu yanayoizuia leza.