Nusu ya gemu ilikuwa ndani ya kompyuta

"Gemu si mnayo tayari? Ongezeni azimio la picha tu, pikseli ziwe nyingi, mtuuzie." Wiki hii nimeandikiwa maneno hayo mara tatu, na watu watatu wasiojuana. Wa tatu aliongeza kwamba yeye angeimaliza kwa jioni moja. Kazi yangu ni kurudisha sokoni gemu za zamani za kupiga risasi, zile za vyombo vya anga, maroboti walioasi na bunduki za plazima, ili zicheze kwenye kompyuta za leo. Nimeona niandike jibu moja refu, nami nikiulizwa tena nielekeze watu hapa.

Asiyejua hana kosa. Kinachonichoma ni hiyo "tu".

Mepesi nayapita haraka. Kuna suala la haki: System Shock 2 ilitoka mwaka 1999, studio ya Looking Glass iliyoitengeneza ikafungwa mwaka uliofuata, na sehemu ya haki zake ikaangukia kampuni ya bima. Ilirudi kuuzwa 2013, baada ya kampuni ya Night Dive kuifuatilia. Kuna suala la msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama watengenezaji walivyoyaandika, ambao aghalabu umepotea. id Software, watengenezaji wa Doom na Quake, walitoa wa Doom Desemba 1997 na wa Quake Desemba 1999, na hiyo ni neema ambayo wengi wetu hatuipati. Hata huo wa Doom ulikuwa wa toleo la Linux, kwa sababu maktaba ya sauti ya toleo la DOS ilikuwa mali ya mtu mwingine. Ukikosa msimbo, unafungua programu yenyewe na kusoma maagizo ya prosesa moja baada ya jingine.

Halafu kuna vizuizi vya mfumo endeshi. Windows ya biti 64 haiendeshi programu ya biti 16, na gemu kadhaa za biti 32 zilikuja na kisakinishi cha biti 16, kwa hiyo gemu ni nzima ila mlango wake haufunguki. Ulinzi wa diski wa SafeDisc haukubaliwi na Windows 10. Injini ya System Shock 2, yaani programu ya ndani inayoiendesha gemu, ilikuwa ikianguka kwenye prosesa zenye kori nyingi (vitengo kadhaa vya kukokotoa ndani ya prosesa moja), watu wakalazimika kuifunga kwenye kori moja. Windows Vista ilipokata njia ya DirectSound, sehemu ya Windows inayoshughulikia sauti, kufika moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, mwangwi wa EAX uliotengenezwa na kadi hiyo ukanyamaza, na korido za chuma zikaanza kusikika kama chumba chenye zulia. Yote hayo ni kazi ngumu, lakini yana majibu yanayojulikana. Usiku nalala.

Ninachokosa usingizi kwa ajili yake ni muda.

Gemu yoyote ya kupiga risasi ni kitanzi. Inasoma kibodi na kipanya, inakokotoa dunia, inachora fremu, yaani picha moja ya skrini, inarudia. Swali ni dunia inakokotolewa mara ngapi kwa sekunde, na nani anayeamua. Doom ilijiamulia yenyewe: mara 35, basi, kwa sababu skrini za VGA za enzi ile, katika modi iliyotumiwa na Doom, zilichorwa mara 70 kwa sekunde na 35 ni nusu yake. Kompyuta yako iwe na nguvu au iwe dhaifu, zimwi linapiga hatua zilezile. Gemu nyingi zilizofuata zilichukua njia nyingine. Kila fremu zinapima muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, kisha zinasogeza dunia kwa kiasi hicho. Kwenye karatasi matokeo ni yaleyale. Kwenye mashine si hivyo, na hapa ndipo ninapowaomba wenye "tu" wakae chini tuhesabu pamoja.

Chukua namba za Quake. Mchezaji akiruka anapewa kasi ya vizio 270 (kizio ni kipimo cha urefu ndani ya gemu) kwa sekunde kwenda juu, na mvutano unaipunguza kasi hiyo kwa 800 kila sekunde. Kwa fizikia ya darasani atafika vizio 45 na nusu. Lakini kompyuta haiendi kwa mkunjo laini. Inapunguza kasi, inasogeza, inapunguza kasi, inasogeza. Fremu zikiwa 20 kwa sekunde, anafika vizio 39. Zikiwa 72, anafika karibu 43.7. Zikiwa 250, anafika 45. Mtu yuleyule, kitufe kilekile. Sasa weka ukingo wa jukwaa kwenye kizio cha 42. Kwa mwenye kompyuta ya zamani huo ni ukuta, lazima azunguke, apite kwenye chumba chenye maadui wanne ambacho mbunifu alikipanga kwa wiki nzima. Kwa mwenye kompyuta ya leo ni ngazi. Anaruka, anakiacha chumba chote nyuma, kisha anaandika kwamba gemu za zamani zilikuwa fupi.

Hakuna azimio lililoguswa hapo. Tumeiachia gemu ikimbie tu, na tayari ni gemu nyingine.

Dawa yake inajulikana: unaifunga dunia kwenye mapigo yasiyobadilika, halafu unachora fremu za katikati kwa kukadiria kati ya pigo lililopita na hili la sasa. Skrini inakuwa laini, fizikia inabaki palepale. Gharama yake ni kwamba macho yako yanaona dunia iliyochelewa kwa pigo moja. Kwa mapigo 35, hizo ni milisekunde 28 na ushei. Wapo wasiohisi. Mimi nahisi, hasa ninapogeuka, ndiyo maana mwelekeo wa macho ya mchezaji tunauchora moja kwa moja kutoka kwenye kipanya bila kusubiri pigo. Ukifanya hivyo, risasi inaweza kutoka kuelekea mahali ambapo ulikuwa unatazama punde kidogo kabla. Unachagua kosa lipi wachezaji watalivumilia.

Lakini mapigo mangapi? Hapo ndipo vitabu vinapoandika sentensi moja na kuendelea na safari. Mimi nimekwama kwenye sentensi hiyo tangu mwezi uliopita.

Gemu niliyo nayo mezani, ambayo mkataba haunikubalii kuitaja, ina bunduki ya plazima. Kwenye msimbo imeandikwa wazi: ruhusu risasi moja kila milisekunde 100, yaani risasi 10 kwa sekunde. Saa ya gemu inahesabu milisekunde nzima na kutupa visehemu. Kompyuta za enzi yake zilikuwa zikifikia fremu 30 kwa sekunde siku ikiwa njema, na fremu moja ya 30 ni milisekunde 33 na kisehemu kinachotupwa. Fremu tatu ni 99. Bunduki inaangalia saa, inaona 99, inasema bado. Inasubiri fremu ya nne, na wakati huo milisekunde 133 zimeshapita. Kwa hiyo bunduki ambayo msimbo unasema inapiga mara 10 kwa sekunde, mezani kwa aliyeibuni ilikuwa ikipiga mara 7 na nusu. Kwenye skrini ya leo ya fremu 100 inapiga 10 kamili, na nguvu yake imeongezeka kwa zaidi ya robo bila mtu kugusa faili hata moja.

Ipi ndiyo gemu yenyewe? Msimbo unasema 10. Lakini mbunifu aliyepanga uhai wa adui hakuwa akisoma msimbo, alikuwa akicheza. Alishika kipanya, akapiga, akaona adui anakufa mapema mno, akamwongezea uhai, akapiga tena, mpaka mkono wake ukaridhika. Mkono huo uliridhika kwa risasi 7 na nusu. Nikiufuata msimbo, namlegeza kila adui wa nusu ya pili ya gemu. Nikiufuata mkono, naandika kwenye msimbo wangu kosa la kukata visehemu kana kwamba ni sheria. Na mkono wenyewe siujui. Huenda mezani pake palikuwa na mashine iliyofika fremu 40, ambako fremu nne zinatoa milisekunde 100 kamili na kosa lote linatoweka. Mashine ile haipo tena, na aliyeitumia nikimuuliza hakumbuki.

Watu husema "turudishieni ya asili" kana kwamba ya asili ni kitu kimoja kilichofungiwa kwenye diski. Ya asili ilikuwa tofauti katika kila nyumba. Aliyeicheza kwa fremu 15 alicheza gemu nzito ya kutisha, na aliyekuwa na kadi ya picha ya 3dfx alicheza gemu ya kasi. Wote wawili leo wananiandikia kwamba nimeiharibu, na kila mmoja ananieleza gemu ambayo mwenzake hakuwahi kuiona.

Picha nazo zina yake, ingawa hapo sina mashaka mengi. Doom ilichorwa pikseli 320 kwa 200 na kuonyeshwa kwenye skrini za 4:3, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa ndefu kwenda juu kwa asilimia 20 kuliko upana wake. Wachoraji walilijua hilo na kuchora kwa hesabu hiyo. Ukiweka pikseli za mraba kwa sababu skrini yako ina pikseli za mraba, kila adui anakuwa kibonge na kila dari inashuka. Pembe anayoiona mchezaji ni vivyo hivyo. Nyuzi 90 za mlalo kwenye 4:3 zinakupa kama nyuzi 74 za wima. Ukizihamishia zilezile 90 kwenye skrini ya 16:9, wima unabaki chini ya 59, yaani umemkata mchezaji paji la uso na miguu, halafu unashangaa mbona anaona kizunguzungu. Jibu ni nyuzi 106 na kidogo za mlalo. Hesabu hii ni ya dakika tano, na bado nakutana na matoleo mapya ambayo hayakuifanya.

Mwanga unahitaji makala yake. Niseme hili tu: GLQuake, toleo la kadi za picha lililoonekana kuwa ni maendeleo matupu, lilipoteza rangi 32 za mwisho za paleti (orodha ya rangi za gemu), zile zilizowaka zenyewe hata gizani, na likapunguza mng'ao wa taa uliokuwemo kwenye toleo lililochorwa na prosesa. Watu walifurahia picha laini, wakasahau kwamba kwenye toleo la mwanzo vitu hivyo viliwaka.

Na kuna taa moja nataka kuieleza.

Kwenye gemu hii niliyo nayo, hatua ya tisa, kuna korido ndefu yenye taa mbovu. Ukisimama chini yake unaisikia ikivuma. Inawaka, inazima, inazima zaidi, inawaka kidogo, na mwishoni mwa korido kuna umbo ambalo huna hakika kama ni mtu au ni mabomba. Nilipokuwa mdogo niliipita korido hiyo nikiwa nimeshika pumzi. Mara ya kwanza tulipoifungua kwenye skrini ya fremu 240, niliingia hatua ya tisa nikiwa nimejiandaa, na hakukuwa na kitu. Korido ya kijivu, mwanga wa wastani, uliotulia. Mabomba yanaonekana wazi kuwa ni mabomba.

Nilidhani faili la ramani limeharibika. Faili lilikuwa zima. Msimbo wa taa ulikuwa mistari miwili: kila fremu, chukua namba ya bahati nasibu, iwe ndiyo mwangaza. Kwa fremu 20 jicho linaona kila namba, na hiyo ndiyo taa inayokufa. Kwa fremu 240 jicho linazichanganya zote na kuona wastani wake. Kila namba ilikuwa ikitolewa kwa usahihi kabisa. Woga wote wa korido ile ulikuwa umetoka kwenye uzito wa prosesa.

Kabla ya kugusa chochote cha namna hii tunahitaji kipimo, na kipimo bora nilichonacho nimejifunza kwa Doom. Rekodi zake za uchezaji hazihifadhi picha, zinahifadhi vitufe tu. Bahati nasibu yake ni jedwali la namba 256 linalosomwa kwa zamu. Ukiirudia rekodi kwenye injini sahihi, askari anatembea, anapiga, anashinda. Injini ikisoma namba moja tu mahali pasipostahili, zimwi moja linageuka kushoto badala ya kulia, na dakika mbili baadaye askari anaupiga risasi ukuta mtupu huku akiliwa kutoka nyuma. Nimejenga kitu kama hicho kwa gemu yetu, na kila usiku kinarudia rekodi 60 za hatua zote. Mwezi jana prosesa za leo zilinipa tofauti ndogo kwenye desimali, kwa sababu msimbo wa zamani ulitegemea hesabu za x87 (sehemu ya zamani ya prosesa ya hesabu za desimali) zenye biti 80, na kikompaili chetu, kinachogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, hakizitumii. Rekodi 11 ziliishia ukutani. Kuzirekebisha kumechukua siku tisa. Jioni moja, mwenzangu?

Taa nimeitengeneza. Inachagua namba mpya mara 20 kwa sekunde hata skrini iwe na kasi gani, na nimeipita korido ile nikiwa peke yangu usiku, nikajisikia nilivyojisikia zamani. Bunduki ya plazima bado. Kwa sasa inapiga 7 na nusu, na kwenye orodha ya mipangilio kuna swichi ya kuipeleka 10. Kuweka swichi hapo ni kumtupia mchezaji uamuzi ambao mimi nilipaswa kuufanya, na hilo halinikai vizuri. Kesho naanza tena hatua ya kumi na mbili kwa 10, mpaka mwisho, nikihesabu risasi zinazobaki.