Tezo iliyofungua kinywa cha sanamu

Juzi nimeambiwa tena, na mtu aliyesoma, kwamba Wamisri wa kale "waliabudu magogo". Tulikuwa tunatazama picha ya Anubis wa Tutankhamun, sanamu ya mbao ya mungu mwenye umbo la mbweha iliyotoka kaburini mwa farao huyo. Hapana, jamani!

Mkuyu, mgunga, mwerezi ulioletwa kutoka Lebanoni: ukishachongwa na kupakwa dhahabu bado ni mti, na Wamisri walilijua hilo vizuri. Ndiyo maana walikuwa na ibada ya Kufungua Kinywa. Karakanani, mahali walipopaita Nyumba ya Dhahabu, kuhani aliigusa midomo ya sanamu kwa tezo ili ipate kupumua na kula. Tezo, chombo kilekile cha seremala! Wengi hulitaja hili na kupita, ilhali mimi ndilo linalonishika kila mara: kilichoukata mti ndicho kinachoipa sanamu pumzi. Baadaye maiti nayo ikafanyiwa vivyo hivyo. Kaburini mwa Tutankhamun, Ay, mrithi wake, amechorwa ameishika tezo mbele ya mfalme aliyekufa.

Jiwe la Shabaka, bamba la maandishi la farao wa jina hilo lililoko British Museum, linasema Ptah, mungu muumba, aliwafanyia miungu miili, nao wakaingia ndani yake, iwe ya mti, ya jiwe au ya udongo. Wakaingia! Ba, yaani roho, huingia, na huweza kutoka. Kwa hiyo kila asubuhi hekaluni muhuri wa mlango wa sanamu ulivunjwa, mungu akavikwa, akapakwa mafuta, akaandaliwa chakula. Hatua hizo zimechongwa kutani Abydos, katika hekalu la farao Seti I.

Nakiri, jiwe hilo lina utata ambao vitabu vya shule huuruka. Linadai kunakiliwa kutoka andiko la kale lililoliwa na wadudu. Zamani wataalamu walilikubali dai hilo, leo wengi wanaona maneno yake ni ya karne za baadaye. Tena sanamu nyingi za mbao tulizo nazo ni za makaburini. Anubis yule alivishwa kitani, akawekwa mlangoni mwa chumba cha hazina, kaburi likafungwa. Chakula cha kila asubuhi hakikumfikia.

Na Ptah-Sokar-Osiris, miungu watatu katika sanamu moja ya kaburini? Mara nyingi alichongwa na uwazi ndani, na papiri ya Hunefer, Mmisri aliyezikwa na Kitabu chake cha Wafu, ilitoka ndani ya sanamu ya namna hiyo. Wapo wanaoiita kasha tu. Sikubaliani nao. Nionavyo mimi, maneno ya kumvusha Hunefer hadi ahera yalilazwa ndani ya mwili wa Osiris, mungu aliyekufa akaamka, ili naye aamke pamoja naye.