Umekunywa glukosi, mbona bado umechoka? Maswali na majibu kuhusu nishati ya mwili

Nenda duka lolote la dawa, utaikuta glukosi ya unga imepangwa karibu na kaunta, na wengi wanaoinunua wana sababu moja: nguvu. Mgonjwa kaishiwa nguvu, mtoto ana mtihani kesho, mama katoka kujifungua. Maswali haya hufuata hapo hapo.

Hivi sukari inageukaje kuwa nguvu?

Ugali, wali, ndizi, viazi na mkate vyote ni wanga, na wanga ukishameng'enywa unakuwa glukosi. Glukosi inaingia kwenye damu, damu inaipeleka kwenye seli. Ndani ya seli inakatwa vipande viwili vinavyoitwa piruveti. Hatua hii haihitaji oksijeni na huenda haraka sana, lakini faida yake ni ndogo: ATP 2 tu kwa kila glukosi moja.

ATP ndiyo nishati ambayo seli inaweza kuitumia moja kwa moja. Msuli hauli glukosi ili ujikunje, unatumia ATP. Figo, neva na moyo ni hivyo hivyo. Na mwili hauna ghala lake: kwa wakati wowote ule una ATP isiyozidi gramu 250 hivi, ila hutumiwa na kutengenezwa upya mfululizo, hata jumla ya siku nzima ikafikia makumi ya kilo. Ukisimamisha utengenezaji huo kwa dakika chache tu, mtu anakufa.

Faida kubwa ya glukosi hupatikana ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo kwenye karibu seli zote. (Seli nyekundu za damu hazina. Zinabeba oksijeni ya wenzao wote bila kuitumia hata kidogo.) Humo, mabaki ya piruveti huvunjwa kwa mzunguko wa hatua kadhaa hadi kaboni zote zitoke kama kabonidioksidi, ile hewa unayoitoa puani. Aliyeueleza mzunguko huo ni Hans Krebs, daktari Mjerumani aliyefukuzwa kazi na Wanazi mwaka 1933 kwa kuwa Myahudi, akahamia Uingereza. Mwaka 1937 alipeleka taarifa yake kwenye jarida la Nature, wakamrudishia. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo hiyo.

Na oksijeni inaingilia wapi?

Mwishoni kabisa, tofauti na wengi wanavyodhani. Oksijeni unayovuta haikutani na sukari uso kwa uso. Sukari inapovunjwa, elektroni zake (chembe ndogo mno zenye chaji hasi) hupokezanwa na protini zilizopangwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na oksijeni inasubiri mwisho wa mstari kuzipokea. Ikizipokea inaungana na haidrojeni kuwa maji. Ndiyo, sehemu ya maji yaliyomo mwilini mwako hukuyanywa, umeyatengeneza.

Elektroni zikipita, protini hizo husukuma chaji za haidrojeni upande mmoja wa utando hadi zinarundikana. Hapa mfano wa bwawa la umeme, kama Mtera na Kidatu, unafaa kweli: maji yakizuiwa upande mmoja yanatafuta njia ya kushuka, na njia pekee unayoyaachia ni ile yenye mtambo wa kuzunguka. Kwenye utando wa mitokondria mtambo huo ni kimeng'enya kinachozunguka kwelikweli, na mwaka 1997 wanasayansi wa Japani walikiona kwa darubini kikizunguka. Kila mzunguko mmoja unatoa ATP 3.

Sasa oksijeni ikikosekana, elektroni hazina wa kuzipokea. Mstari mzima unakwama na mtambo unasimama, hata kama sukari imejaa tele.

Shuleni tulifundishwa kwamba glukosi moja inatoa ATP 38. Bado ni hivyo?

Hesabu ya sasa ni 30 hadi 32, kwa sababu utando huvujisha kiasi na usafirishaji nao hula nishati. Kwenye mtihani andika alivyofundisha mwalimu wako.

Nikikimbia misuli inawaka moto. Ni asidi inayoniharibu?

Ukikimbia kwa kasi kubwa, msuli unahitaji ATP haraka kuliko mitokondria zinavyoweza kutoa. Seli inategemea zaidi ile hatua ya kwanza isiyohitaji oksijeni, na piruveti inageuzwa kuwa lakteti, ile ambayo wengi huiita asidi ya msuli, ili kazi iendelee. Kwa miaka mingi lakteti ilisingiziwa mambo mengi. Si sumu: moyo huitumia kama chakula, na ini huirudisha kuwa glukosi. Maumivu yanayokuja kesho yake au keshokutwa, unaposhuka ngazi kwa kujivuta, ni ya nyuzi za msuli zilizochanika kidogo. Lakteti ilishaondoka muda mrefu, ndani ya saa moja au mbili.

Basi nikichoka ninywe glukosi?

Kwa mtu mzima aliyekula, jibu langu ni hapana. Damu yako yote ina glukosi ya takriban gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na mwili unalinda kiwango hicho kwa ukali. Ini lina akiba ya gramu 100 hivi, misuli ina 400 hivi. Ukimimina vijiko vitano vya glukosi kwenye glasi, kongosho linamwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ziada inawekwa akiba au inageuzwa mafuta. Kasi ya kutengeneza ATP haipandi kwa sababu ya sukari kuwa nyingi. Inapanda pale kazi inapohitajika na oksijeni inapofika. Vilevile "dripu ya nguvu" ambayo watu huiomba zahanati: dripu ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, pungufu ya iliyomo kwenye chupa moja ya soda.

Kuna pale inapookoa maisha, na hapo sitaki mtu anielewe vibaya. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kushukiwa na sukari hadi akapata degedege au kupoteza fahamu, na mama mjamzito mwenye malaria yuko kwenye hatari hiyo hiyo. Mtu wa kisukari aliyechoma insulini kisha hakula, naye hivyo hivyo: anatokwa jasho jembamba, anatetemeka, anaongea ovyo. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari, vijiko 4 vya chai kwenye kikombe cha mililita 200, huku mnaelekea hospitali. Aliyepoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni, yataingia kwenye mapafu.

Kama sukari si tatizo, mbona nachoka hivi?

Sababu za uchovu ni nyingi, lakini swali la kwanza ninalouliza ni: umepima damu lini? Oksijeni hubebwa na himoglobini, protini nyekundu ya damu, na himoglobini inahitaji madini ya chuma. Damu ikipungua, mapafu yako ni mazima, sukari ipo, mitokondria zipo, ila kinachofika mwisho wa mstari ni kidogo. Mama anapanda ngazi za ghorofa moja, moyo unadunda kama amekimbia. Anaamka amechoka. Ukitazama viganja na ndani ya kope la chini, pamepauka. Mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita amepungukiwa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito mpaka ni 12, kwa mwanaume ni 13.

Kwetu visababishi vinajulikana: malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito, mimba zinazofuatana, selimundu, na chakula kisicho na chuma cha kutosha. Dagaa, maini, nyama na maharage vinasaidia. Chai ya rangi pamoja na chakula inazuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo isogeze saa moja au mbili mbele. Ukiweka limau au kula chungwa, chuma cha mbogamboga na maharage kinaingia vizuri zaidi. Vidonge vya damu vinavyogawiwa kliniki ya wajawazito vinyweni jamani, hata kama vinaleta choo cheusi. Weusi huo ni chuma kilichobaki, hauna madhara.

Mwenye kisukari ana sukari nyingi kwenye damu. Kwa nini hana nguvu?

Kwa sababu iko kwenye damu, haiko kwenye seli. Seli za misuli na mafuta zinahitaji insulini ili ziipokee glukosi kwa wingi. Insulini isipokuwepo, au seli zikiacha kuisikia, sukari inapita nje, figo inaimwaga kwenye mkojo pamoja na maji, mtu ana kiu isiyoisha na anakonda huku anakula. Kwenye kisukari cha aina ya 1 mwili hugeukia mafuta kwa pupa na kuzalisha ketoni zinazofanya damu kuwa na asidi. Mtoto anayekojoa sana, anatapika na kuhema kwa kina huku pumzi ikinukia kama tunda lililoiva mno, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Wapo waliotibiwa malaria wiki nzima wakati ni kisukari.

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linauaje?

Njombe, Makete, Limuru: kila kipupwe kuna familia inayolala na jiko ili ipate joto. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka kama kawaida, imebeba kitu kisichofaa. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Mtoeni nje kwenye hewa, apelekwe hospitali akapewe oksijeni, na mwambieni daktari kwamba kulikuwa na jiko. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi hewa hiyo na oksijeni, kitasoma 98 na kuwadanganya.

Na mihogo michungu?

Hiyo inapiga mahali pengine. Sianidi, sumu inayotokana na mihogo hiyo, haigusi damu sana, inaziba ile protini ya mwisho inayoikabidhi oksijeni elektroni. Oksijeni imefika mlangoni, seli inashindwa kuitumia. Kula mihogo isiyotayarishwa vizuri kwa wiki nyingi, bila protini ya kutosha, kunahusishwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla usiopona. Umewahi kuzuka Nampula nchini Msumbiji mwaka 1981, na kwetu Tanzania huko Tarime na Mtwara, mara nyingi wakati wa ukame au njaa, watu wanapofupisha siku za kuloweka. Menya, loweka siku 3, anika hadi ikauke kabisa.

Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu je?

Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina sukari gramu 27 hivi na kafeini miligramu 80 hivi. Sukari tumeshaiongelea. Kafeini ina hila yake. ATP ikitumika sana, sehemu yake huvunjika na kubaki adenosini, na adenosini inayojikusanya ubongoni kutwa nzima ndiyo mojawapo ya vitu vinavyokuletea usingizi. Kafeini inakalia vipokezi vya adenosini. Haijaongeza ATP hata moja, imekuzuia tu usisikie kwamba umechoka. Saa tano au sita baadaye nusu yake bado iko kwenye damu, ndiyo maana dereva wa usiku aliyekunywa makopo matatu analala asubuhi vibaya, na jioni anahitaji manne.